Vidole Vinne Juu ya Tairi

Jumanne iliyopita Baba aliniandikia: "Kile kigogo cha mlangoni, nikitupe au unakitaka?" Basi. Hakutanguliza lile swali lake la kila siku, na hilo lilinisumbua kuliko kigogo chenyewe. Niliusoma ujumbe nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Tangu nimalize chuo mwaka jana, sehemu kubwa ya siku zangu hupita hivyo, nikisoma jumbe fupi za watu na kutafuta ndani yake kile ambacho hawakukiandika. Kuna "tutawasiliana nawe" moja, ya ofisi niliyoomba kazi, niliyoisoma kwa siku nne.

Wazazi wangu wanahama mtaa wa Mbotela. Safu yetu ya nyumba itabomolewa ijengwe maghorofa, na Baba, ambaye hufanya kila jambo mapema, ameanza kupanga vitu katika makatoni ingawa hakuna aliyempa tarehe. Kwa hiyo ninaelewa kwamba anauliza kuhusu kila kitu. Lakini kigogo kile ni cha Mama. Yeye ndiye hukisukuma kwa mguu kila asubuhi ili mlango usijifunge kwa upepo. Kwa nini aniulize mimi? Ama alitaka niseme kitupwe, ili jambo lenyewe liishe? Ama alikuwa amesahau kabisa kilitoka wapi, na swali halina kitu ndani yake? Nilikaa na maswali hayo mpaka chai ikapoa.

Kigogo ni cha mti wa muhugu, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Mgongo wake ni wa mviringo, laini, wenye alama ndogo ndogo za nyundo. Upande mmoja umepasuka ufa unaoweza kuingia sarafu. Mwisho mmoja una sikio. Wageni hudhani ni kinyago ambacho mchongaji alichoka kukimalizia, na hawajakosea sana. Mjomba alianza kuchonga kiboko, mti ukapasuka akiwa amefika kwenye sikio la kwanza, na kiboko akaishia hapo. Mvua ikinyesha na kigogo kikaloa, hutoa harufu tamu, kama sabuni ya zamani. Watu wengine huipenda harufu hiyo. Mimi ikinifikia, nyuma yake hufuata harufu ya mpira unaoungua, hata kama hakuna mpira wowote karibu.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili mjini, akipeleka karatasi kutoka jengo moja hadi jingine kwa pikipiki yake mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye suruali mbili tu za kazi zilizopigwa pasi mpaka zikang'aa magotini. Kanisani alikuwa mmoja wa wale wanaowaonyesha watu pa kukaa. Mama alishona sare za shule kwa cherehani iliyokuwa chini ya dirisha, na futi yake ya kitambaa ilining'inia shingoni mwake hata akipika. Mimi nilikuwa mnene. Watoto wa mtaani waliniita Tani. Jina hilo lilianza siku dawati lilipovunjika tukiwa tumelikalia wanne, lakini kati ya wote wanne, jina nililipata mimi peke yangu.

Kila asubuhi Baba alinibeba hadi shuleni, ng'ambo ya Jogoo Road, kabla ya kwenda kazini. Nyumbani alisema machache. Juu ya pikipiki alikuwa mtu mwingine. Aliimba nyimbo za kanisa, na kwa kuwa shavu langu lilikuwa mgongoni mwake, nilizisikia kwa shavu kabla ya kuzisikia kwa masikio. Wimbo ukiisha aliniuliza hesabu. "Saba mara nane?" Nikijibu sawasawa, alipiga honi mara moja. Nikikosea, aliendelea kimya hadi nijirekebishe. Zilikuwa dakika kumi na tano hivi, pengine hazikufika. Sijawahi kuwa na uhakika na jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika na dakika hizo.

Madigadi ya nyuma ya pikipiki ile, kinga ya matope juu ya tairi, ilikuwa ya plastiki, nayo ilipasuka. Kwanza Baba aliifunga kwa waya, halafu kwa ukanda wa mpira wa tyubu, na bado ilipiga kelele kama mtu anayetetemeka meno. Mtu mwingine angenunua ya plastiki kama ile. Lakini Baba alikuwa ameona mahali fulani pikipiki yenye madigadi ya chuma, fupi, ya mviringo, iliyoikumbatia tairi kwa karibu kama kofia inavyokaa kichwani. Alituchorea nyuma ya bahasha. Mama alitazama ule mchoro na kusema kwamba tangu amjue, hicho ndicho kitu cha kwanza alichomwona akikitamani. Hakusema kwa kejeli.

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa mchongaji. Familia yao kule Ukambani imechonga kwa vizazi, naye alikuwa na banda lake karibu na Dandora ambako alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Ndiye aliyetoa wazo. Bati haliwezi kukunjwa hewani, alimwambia Baba, linahitaji kitu cha kulalia. Jumamosi iliyofuata alikuja na yule kiboko wa sikio moja amemfunga kwenye gunia. Mbele ya mlango wetu, kwa tezo na patasi na mwishowe msasa, aliuchonga upya ule mgongo mpaka ukalingana na upana na mviringo wa tairi. Baba naye alikata kipande cha pipa la mafuta, wakakilaza juu ya mgongo wa kiboko na kuanza kukigonga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, wakikisogeza, wakikigonga tena. Majirani walivumilia kwa sababu ilikuwa mchana na kwa sababu walitaka kuona. Maranda ya muhugu yalijaa hadi kwenye bomba la maji.

Walifanya kazi kwa adabu ambayo wakati huo nilidhani ndiyo furaha. "Shemeji, unaonaje hapa?" "Wewe shemeji ndiye unayejua." Kwetu mtu hamkosoi shemeji yake. Unaweza kubishana na ndugu yako hadi majirani watoke nje, lakini shemeji akikuletea chai yenye chumvi, utainywa na kushukuru. Nilijua kanuni hiyo kama nilivyojua kutomtaja mtu mzima kwa jina lake. Sikujua kwamba ina bei.

Walipoifunga madigadi, pikipiki ilikuwa juu ya stendi yake ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia. Mjomba alipitisha vidole viwili kati ya tairi na chuma, mwanzo hadi mwisho. Vilipita sawasawa kila mahali. Baba naye akapitisha vyake. Waliipulizia rangi nyeusi, wakafunga taa na nambari kwenye kibao chake, kisha wakasimama mbali kidogo wakiitazama. Ilipendeza. Hata vijana wa kona, ambao hawakuwahi kusifu kitu, walikuja kuiona. "Mzae, nduthi imeiva," mmoja akasema, nduthi kwao ikiwa ni pikipiki, na Baba akatazama chini akificha tabasamu.

Jumatatu asubuhi nilipanda kama kawaida. Tulipita tuta la kwanza na nyuma yangu pakatoka sauti kama ya mtu anayekwaruza sufuria, kisha ile harufu. Baba akasimama. Aliniteremsha, akachungulia chini, akaenda peke yake hadi mwisho wa barabara na kurudi. Haikukwaruza. Nikapanda tena. Ikakwaruza hata kabla hatujafika kwenye tuta. Alivua kofia yake ya pikipiki, akaishika kwa muda, halafu akawasha pikipiki taratibu na kunipeleka shuleni akiwa amesimama juu ya vikanyagio akitumaini kupunguza uzito. Hakuimba.

Jioni alimpigia Mjomba simu. Nilikuwa chini ya meza ya kukatia nguo nikiokota pini kwa sumaku, kazi ambayo Mama alinipa kila jioni. Nilimsikia Baba akisema, kwa sauti ya upole ambayo aliitumia kwa watu wa kanisani, "Hapana shemeji, kazi yako haina kasoro. Uzito ndio tatizo. Akikaa yeye, inagusa."

Kisha akamwambia Mama kwamba kwa sasa nitatembea na watoto wa jirani, hadi jambo hilo litatuliwe.

Nilibaki chini ya meza na sumaku yangu. Nililipima lile jambo kama ninavyopima mambo hadi leo, kwa kuanzia na kosa langu. Madigadi haikuwa na kasoro. Mjomba hakuwa na kasoro. Kitu pekee katika pikipiki ile ambacho kingeweza kurekebishwa kilikuwa mimi. Sikulia. Nakumbuka kwamba hata nilipata aina ya utulivu, kwa kuwa tatizo lenyewe lilikuwa wazi na suluhisho lake pia.

Nilianza na chakula cha mchana. Mama alinifungia githeri, mahindi na maharagwe, katika kikopo, na nilikisukuma upande wa Nasra, tuliyekaa naye dawati moja. Siku ya kwanza alishukuru. Siku ya tatu alinitazama kwa makini. "Wewe unafunga saumu gani?" akauliza. "Hata sisi Ramadhani haijafika." Nilimwambia tumbo linaniuma. Alikula, lakini akawa ananiachia vijiko viwili kwenye kona ya kikopo, na mimi nilivimwaga kwenye bustani ya shule. Asubuhi nilikunywa chai nikaacha mkate mfukoni. Usiku nilimega tonge dogo la ugali na kulizungusha kwenye mchuzi hadi Mama ainuke. Barabarani wale vijana waliniuliza, "Tani, nduthi ya mzae imekukataa?" Wakacheka. Nami nilicheka nao kidogo, maana nilikuwa na mpango ambao hawakuujua.

Jumamosi Mjomba alikuja. Waliinama nyuma ya pikipiki, wakaizunguka, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Mwishowe Baba alipendekeza wakaze springi. Walizikaza kwa spana, kisha Baba akaniita. "Njoo ukae." Nilikaa. Baba akakaa mbele yangu na tukazunguka safu ya nyumba. Ilikwaruza, lakini mara moja tu, penye shimo. Mjomba akapiga makofi. "Afadhali," Baba akasema.

Hebu fikiria neno hilo likimwangukia mtoto ambaye hajala vizuri kwa siku tano. Springi zilikazwa mbele ya macho yangu. Niliziona zikikazwa. Lakini katika hesabu yangu springi hazikuwemo. Nilikuwa nimejipunguza kidogo, nayo sauti ikapungua kidogo. Jumapili nikaacha na chai.

Wiki ya pili siikumbuki vizuri. Nakumbuka mstari wa watoto ukinitangulia barabarani na mimi nikiwa wa mwisho. Nakumbuka nikiwa nimelaza kichwa juu ya dawati, harufu ya mbao na wino, na Nasra akisema kwamba safari hii atamwambia mwalimu. Sikumwomba asiseme. Nilihesabu siku zilizobaki hadi Jumamosi, nikaona zinatosha.

Jumamosi hiyo Mama alikuwa akimalizia sare yangu mpya. Alinisimamisha karibu na dirisha na kunivalisha, huku Baba na Mjomba wakiwa nje na spana zao. Alibana kiuno kwa pini mbili, akasita. Akatoa futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwangu, akaisoma. Akaizungusha tena. Kila mwaka alinishonea yeye mwenyewe, na vipimo vyangu vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye ukuta, nyuma ya cherehani. Alinigeuza nimtazame. Kabla hajauliza chochote, Baba aliita kutoka nje.

Nilikwenda hivyo hivyo na pini zangu. Nilipanda kwa uangalifu, mgongo wima, pumzi nimeivuta ndani, kama kwamba hewa nayo ina kilo. Baba akakaa. Springi, zilizokuwa zimelegea tena wiki hiyo, zikashuka. Hata kabla hajawasha pikipiki, tairi likagusa chuma. Mjomba aliingiza kidole na hakikupita.

Alichomoa kidole, akakifuta kwenye suruali. Nikadhani wanatafuta namna ya kuniambia kwamba basi, imeshindikana. Nikasema haraka, ili nisiwasikie wakisema, "Imebaki kidogo tu. Wiki ijayo nitakuwa nimefika."

"Umefika wapi?" Baba akauliza.

"Uzito," nikasema. "Napunguza."

Baba hakugeuka. Nilikuwa nyuma yake na niliona shingo yake tu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na futi mkononi. Hakupaza sauti. Aliniteremsha, akanikalisha kwenye kizingiti, akaiendea pikipiki.

"Iwekeni juu ya stendi," akasema. Wakaiweka. "Mlipima ikiwa hivi?"

Mjomba akasema ndiyo, vidole viwili, mwanzo hadi mwisho.

"Sasa ishusheni." Wakaishusha. "Baba yake, kaa peke yako." Baba akakaa. Mama akamshika kaka yake mkono, akaukandamiza juu ya kiti nyuma ya Baba, kama tuta lingefanya. Chuma kikagusa tairi, na kila mtu akasikia.

"Wewe ukiwa peke yako haigusi?" akamwuliza Baba.

"Kwenye matuta inagusa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mjomba akamtazama. "Shemeji, si ungeniambia."

"Ningekuambia nini, shemeji? Umeacha kazi yako ukaja kunisaidia."

"Mimi nilidhani wewe ndiye umeridhika na vile vidole viwili," Mjomba akasema. "Nikaona si vizuri kukubishia."

Mama aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Mmoja alikuwa ndugu yake na mwingine mume wake, na katika uwanja ule ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwa shemeji wa mtu. "Suruali humpimi mtu akiwa amesimama tu," akasema. "Unamwambia aketi. Isipompasukia akiketi, ndiyo unampa." Akamgeukia Mjomba. "Wewe umezoea twiga. Twiga ukishamaliza kumchonga hakaliwi na mtu."

Halafu akaingia ndani kunipikia uji. Nilikunywa pale kizingitini, vikombe viwili, polepole kama alivyoniagiza, huku wao wakifungua nati. Mjomba alikata vipande vya chuma vya kuinulia madigadi. Baba alinikalisha juu ya pikipiki, naye akakaa, na Mjomba akaning'inia nyuma yangu kwa uzito wake wote, na hapo ndipo walipopima upya. Ilihitajika nafasi ya vidole vinne.

Vidole vinne ni vingi. Madigadi ile iliyokuwa imekaa kama kofia ilisimama juu ya tairi kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Vijana wa kona hawakukawia. "Mzae, nduthi yako inavuka mto?" Baba aliipanda hivyo kwa miaka saba. Hakuibadilisha, wala hakuwajibu. Kwa muda mrefu, miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, kila nilipoona ile nafasi nilisoma humo deni langu: kitu kimoja alichokitamani mtu yule, na mimi nikakiharibia sura. Nilijua kuhusu stendi. Nilikuwepo Mama alipoeleza. Lakini kujua kitu na kukiacha kikukae ni kazi mbili, na ya pili mimi huifanya polepole sana.

Mjomba aliacha kigogo pale mlangoni siku hiyo, eti atakifuata. Hakukifuata. Mama alianza kukitumia kuzuia mlango.

Baba hakuwahi kulizungumzia jambo lile na mimi. Kilichobadilika ni kimoja tu. Jumatatu iliyofuata nilipanda, nikashika koti lake, nikangoja aiwashe. Hakuiwasha. Aliuliza, akiwa ametazama mbele, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Akangoja kidogo zaidi, kana kwamba jibu lina safari ya kufika, halafu akakanyaga. Aliuliza hivyo kila asubuhi hadi nilipomaliza darasa la nane. Nilipokwenda shule ya bweni aliuliza kwenye simu ya mwalimu. Chuoni aliuliza kwa ujumbe, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza kuhusu mitihani. Wenzangu walidhani ni desturi ya wazee wa kwetu, nami niliwaacha wadhani hivyo. Mara nyingi nilijibu "ndiyo" bila hata kukumbuka kama ni kweli.

Jumanne hiyo niliandika majibu matatu nikayafuta. La kwanza lilikuwa refu sana. La pili lilimwuliza kwa nini ananiuliza mimi, na nilipolisoma likaonekana kama ugomvi. La tatu lilikuwa mzaha kuhusu kiboko. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa chumba changu, hapa Buruburu, nyuma ya nyumba ya watu. Kesho yake asubuhi nilikuwa na usaili, na tangu niamke nilikuwa nikifanya mazoezi ya kujibu maswali ambayo huenda hakuna ambaye angeniuliza. Mwishowe nikaandika neno moja: "Nakitaka."

Jibu lilikuja upesi, kama kwamba simu ilikuwa mkononi mwake.

"Sawa. Umekula?"

Nilitazama ile chai iliyopoa. Mkate ulikuwa bado kwenye karatasi yake. Nilianza kuandika "ndiyo", nikafika katikati ya neno, nikaliacha. Niliweka simu juu ya kitanda, nikawasha gesi, nikakaanga mayai mawili, nikayala na mkate nikiwa nimeketi mezani. Nilipomaliza nikaosha sahani. Ndipo nikachukua simu nikalimalizia neno.